Posho ya Ulemavu na Kitanda Ndani ya Vani

Mji wa Quartzsite, magharibi mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, una wakazi wa kudumu wasiofika hata elfu tatu. Ifikapo Desemba na Januari, jangwa linalouzunguka hujaa magari ya kulala: mabasi makubwa yenye sebule na jiko, trela, vani kuukuu zilizokuwa zikibeba mizigo, hata magari madogo ya familia ambayo viti vya nyuma vimeng'olewa kupisha godoro. Wenyewe wamekimbia theluji ya kaskazini. Wengi ni wastaafu. Lakini wamo pia watu ambao hawakustaafu kwa umri, walistaafishwa na mwili: migongo iliyovunjika kazini, mapafu yaliyochoka, akili zisizostahimili kelele za jengo la ghorofa, miguu isiyopanda ngazi. Hawa wanaishi kwa posho ya ulemavu ya serikali, na kila mwaka wenzao wengine hukaa na kalamu na karatasi wakijiuliza swali moja: je, niache kulipa kodi ya nyumba nihamie kwenye gari?

Si swali la watu wavivu wala la watalii. Ni swali la hesabu, na hesabu yenyewe inaanza na dola 994.

Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha serikali kuu kwa mtu mmoja kwa mwezi katika mwaka 2026, chini ya mpango unaoitwa SSI. Mpango huo ulianza kulipa Januari 1974, baada ya Rais Richard Nixon kusaini sheria yake mwaka 1972, na unawalenga wazee, wasioona na wenye ulemavu ambao hawana mali. Upo mpango mwingine, SSDI, kwa wale waliofanya kazi miaka ya kutosha na kukatwa mchango kabla ya kuugua. Huo hulipa kulingana na mshahara wa zamani, mara nyingi zaidi ya SSI, na hauulizi una akiba kiasi gani benki. Tofauti ya mipango hii miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, na anayefikiria maisha ya vani lazima ajue kwanza yuko upande upi.

Msomaji wa Nairobi atabadilisha dola 994 kuwa shilingi, apate zaidi ya laki moja na ishirini elfu, ashangae mtu huyo analalamika nini. Mshangao huo una haki yake, hasa ukikumbuka kwamba mpango wa serikali ya Kenya wa Inua Jamii humlipa mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini pesa hupimwa mahali inapotumika. Katika miji mingi ya Marekani, nyumba ya chumba kimoja cha kulala inapita dola 1,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba hudai kodi ya mwanzo, amana, na ushahidi kwamba kipato cha mpangaji ni mara mbili au mara tatu ya kodi. Serikali yenyewe husema mtu asitumie zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa makazi. Asilimia 30 ya 994 ni dola 298. Kwa miaka mingi watafiti wa shirika la TAC la mjini Boston wamekuwa wakilinganisha SSI na kodi za nchi nzima, na jibu lao halijabadilika: hakuna soko la nyumba lolote Marekani ambako mtu anayetegemea SSI peke yake anamudu nyumba ya chumba kimoja bila msaada mwingine.

Msaada huo upo, unaitwa vocha ya nyumba, lakini hupatikana kwa takriban kaya moja kati ya nne zinazostahili. Wengine wanasubiri kwenye orodha kwa miaka.

Kwetu, jawabu la kwanza lingekuwa ndugu. Mgonjwa atahamia kwa kaka, kwa shangazi, kwa binti aliyeolewa, na mambo yatakwenda. Huko, ndugu akikuhifadhi na kukulisha bure, ofisi ya hifadhi ya jamii inauhesabu ukarimu wake kuwa kipato chako, na inaweza kukukata hadi karibu theluthi moja ya posho. Tangu Septemba 2024 chakula peke yake hakihesabiwi tena, na hilo ni nafuu ya kweli, lakini malazi bado yanahesabiwa. Sheria inayomwadhibu mgonjwa kwa kupokewa na damu yake ni sheria mbaya, nasema hivyo bila kuzunguka. Na ajabu yake ni kwamba mtu anayelala kwenye gari lake mwenyewe, anayejinunulia mafuta na kujilipia bima, hastahili makato hayo. Anapewa posho kamili. Sheria imeifanya barabara kuwa na faida kuliko sebule ya dada.

Ndipo vani inapoingia.

Aliyelipa wazo hili jina na sauti ni Bob Wells, aliyekuwa mfanyakazi wa duka la vyakula huko Anchorage, Alaska. Katikati ya miaka ya 1990 ndoa yake ilivunjika, matunzo ya watoto yakameza mshahara, naye akanunua gari kuukuu la mizigo akaanza kulala humo. Baadaye alianza kuwafundisha wengine kupitia intaneti, na mwaka 2010 akaanzisha mkutano wa kila majira ya baridi karibu na Quartzsite, ambako wageni hujifunza kuweka sola juu ya paa, kupika kwenye nafasi ya meza moja, na kujisaidia kwenye ndoo kwa heshima na usafi. Mwandishi Jessica Bruder aliwafuata watu hawa kwa muda mrefu akaandika kitabu "Nomadland", kilichotoka 2017. Filamu ya Chloé Zhao iliyotokana nacho ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021, na Wells mwenyewe anaonekana humo akiwa yeye yuleyule. Filamu hiyo ni nzuri, tena ya kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini mhusika wake mkuu anatembea, ananyanyua mizigo, anafanya kazi ghalani na mashambani. Mtu anayeishi kwa posho ya ulemavu hana mwili huo, na tofauti hiyo ndiyo makala haya yanaishughulikia.

Tumchukue mama mmoja wa kufikirika, mwenye miaka 58, mgongo umefanyiwa upasuaji, ana kisukari, analipwa SSI ya dola 994 na tayari ana vani ambayo hadaiwi. Kwa makadirio yangu, petroli ya kuhamahama kidogo itamla dola 180. Bima ya gari 90. Simu 40. Chakula kinachozidi kile anachopewa kwa kadi ya serikali, 150. Uanachama wa ukumbi wa mazoezi, ambao anauhitaji kwa ajili ya bafu tu, 25. Kampuni ya kumpokelea barua 20, kufua nguo 30, gesi ya kupikia 25. Akitenga na 150 za kulitengeneza gari, jumla inafika dola 710, na mkononi zinabaki 284. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka anamaliza mwezi akiwa na kitu. Ndiyo maana watu wenye akili timamu wanalifikiria jambo hili, na anayewacheka hajawahi kuchagua kati ya dawa na kodi.

Sasa tazama kinachofuata. Mtu wa SSI haruhusiwi kuwa na mali inayohesabika inayozidi dola 2,000. Wanandoa, 3,000. Kiwango hicho hakijapanda tangu 1989. Gari moja halihesabiwi, na hilo ni jambo jema. Lakini pesa zilizo benki zinahesabiwa, tena zinatazamwa siku ya kwanza ya kila mwezi. Mama yetu akiweka zile 150 na zile 284, baada ya miezi mitano atakuwa na dola 2,170. Amevuka mpaka. Posho ya mwezi huo haimstahili, na ikiwa alishalipwa, ataandikiwa barua ya kuirudisha.

Na kushusha giaboksi ya vani ya zamani kunagharimu nini? Mara nyingi dola 3,000 na kuendelea. Injini ni zaidi. Kwa hiyo sheria inamkataza kuwa na pesa za kutosha kulitengeneza gari ambalo sheria hiyohiyo imemwachia kama makazi. Mpangaji wa nyumba hahitaji dola 3,000 za dharura ili paa lake lisimwangukie. Mkazi wa vani anazihitaji, kwa sababu gari likifa amepoteza kitanda, usafiri wa kwenda kliniki na friji ya dawa kwa mpigo mmoja. Hapa ndipo mpango mzima wa maisha ya vani kwa posho unaposimama au kuanguka, na ndipo video za kupendeza za intaneti zinapokaa kimya.

Upo mlango mmoja. Mwaka 2014 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya akaunti zinazoitwa ABLE, ambazo mtu mwenye ulemavu anaweza kuweka akiba hadi dola 100,000 bila SSI kuguswa, mradi azitumie kwa mahitaji yanayohusiana na ulemavu wake, na usafiri na makazi vimo. Zamani sharti lilikuwa ulemavu uwe umeanza kabla ya umri wa miaka 26, na watu kama mama yetu, walioumia utu uzima, walifungiwa nje. Kuanzia 1 Januari 2026 umri huo umepandishwa hadi 46. Mamilioni ya watu wamefunguliwa mlango kwa mabadiliko hayo ya tarakimu. Ikiwa mgongo wa mama yetu ulivunjika akiwa na miaka 44, sasa anaweza kuweka akiba ya giaboksi kihalali. Ukivunjika akiwa na 47, hawezi. Mtu yeyote anayepata SSI asinunue vani kabla ya kujua yuko upande gani wa umri huo.

Mwaka 2023 maseneta wawili, Sherrod Brown wa chama cha Democratic na Bill Cassidy wa Republican, walipeleka muswada wa kupandisha kiwango cha akiba kiwe dola 10,000 kwa mtu mmoja. Haukupita. SSI ilipoanza, kiwango kilikuwa dola 1,500; kingefuata bei za vitu tangu wakati ule, leo kingekaribia hizo elfu kumi. Hawakuwa wakiomba hisani, walikuwa wakiomba sheria irudi ilikoanzia.

Tuache pesa, tuje kwenye mwili. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyofunguliwa hudumu takriban siku 28 ikiwa joto halipiti nyuzi 30. Wakati wa kiangazi Quartzsite hupita nyuzi 43 kivulini, na vani ya bati iliyoegeshwa juani huwa tanuri. Friji ndogo ya umeme wa betri huwezekana kabisa, inaendeshwa na paneli za sola na betri nzuri, lakini inakula pesa mwanzoni na inataka mtu anayejua nyaya. Anayelala na mashine ya kusukuma hewa kwa sababu pumzi hukatika usingizini naye anaweza kuiendesha kwa betri, hasa akizima sehemu ya kupasha na kulowesha hewa ambayo ndiyo inayonyonya umeme mwingi. Mambo haya yamejaribiwa na watu wengi na yanafanya kazi. Jiko la gesi au hita ndani ya gari lililofungwa ni habari nyingine: hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu, na king'ora chake cha dola thelathini ni kitu cha kwanza kununuliwa, kabla ya pazia na kabla ya godoro.

Dawa za maumivu makali zina ugumu wake. Sheria ya nchi hairuhusu daktari kuziandika mara moja zikachukuliwa mwezi baada ya mwezi. Kila safari inahitaji cheti kipya, na maduka mengi ya dawa husita kutoa dawa hizo kwa cheti cha jimbo jingine. Anayezitegemea hawezi kuwa mhamaji wa kweli. Anaweza kuwa mtu anayelala garini karibu na daktari wake, jambo ambalo ni tofauti sana na picha ya barabara isiyo na mwisho.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, vani ya kawaida haifai hata kidogo. Kuiteremsha sakafu na kuiwekea ngazi ya mteremko hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Lakini yapo mabasi madogo yaliyokuwa yakibeba abiria wenye ulemavu katika miji, ambayo mamlaka za usafiri huyauza kwa mnada yanapozeeka. Huja na lifti ya kiti, mlango mpana na dari ndefu. Yanakunywa mafuta, na lifti ya zamani nayo inataka fundi wake, lakini sijui njia nyingine ya mtu wa kipato hiki kupata gari analoweza kuingia bila kubebwa. Hata kwa wanaotembea, urefu wa dari si anasa. Mtu mwenye mgongo mbovu akiishi mahali asipoweza kusimama wima, baada ya miezi michache mgongo utamjibu.

Joto na baridi ndivyo vinavyowafanya wahamaji wahame, na hapo bima ya afya inaingia. Wengi wa SSI hutibiwa kwa Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini inayoendeshwa na kila jimbo kivyake. Sheria inalikataza jimbo kumnyima mtu bima hiyo kwa sababu hana anwani ya kudumu, na hilo linafaa lijulikane. Lakini ukivuka mpaka wa jimbo, bima hulipa dharura na si mengi zaidi. Wale wa SSDI hupata Medicare baada ya miezi 24 ya kulipwa posho, nayo inakubalika nchi nzima, kwa hiyo wao wana uhuru zaidi. Washauri wa maisha ya barabarani wamezoea kuwaambia watu wajiandikishe ukazi wa Texas, Florida au South Dakota kwa kuwa majimbo hayo hayatozi kodi ya mapato. Kwa mtu wa SSI ushauri huo hauna maana, maana hana mapato ya kutozwa. Tena unaweza kumgharimu. California huongeza zaidi ya dola 200 za jimbo juu ya SSI. Texas haiwapi nyongeza hiyo watu wanaoishi kivyao.

Njia yenye busara, kwa maoni yangu, ni kuhama kwa kupanda na kushuka badala ya kuvuka majimbo. Arizona inafaa kwa hilo. Majira ya baridi mtu anakaa jangwani, karibu na Quartzsite au Yuma. Joto likianza anapanda misitu ya Flagstaff, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai unahitaji blanketi. Hajatoka jimboni, bima yake ni ileile, daktari yuko umbali wa kuendesha kwa siku moja. Ardhi ya serikali inayosimamiwa na idara iitwayo BLM humruhusu kulala bure siku 14 ndani ya kila siku 28, kisha asogee. Asiyeweza kusogea mara kwa mara ana maeneo maalumu ya kukaa msimu mzima, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili, ambayo kwa miaka mingi ada yake imekuwa dola 180 kwa miezi hiyo saba yote. Eneo la La Posa, kusini mwa Quartzsite, lina maji na mahali pa kumwaga taka za choo. Mwenye ulemavu wa kudumu hupewa pia kadi ya maisha ya kuingia bure hifadhi za taifa, na katika viwanja vingi vya kambi vya serikali hulipa nusu.

Meno ni kisa chake. Medicare ya kawaida haitibu meno, kwa hiyo wahamaji wa Yuma huvuka kwa miguu kwenda Los Algodones, mji mdogo wa Mexico uliojaa madaktari wa meno, wakang'olewa au wakawekewa meno kwa bei ya chini sana, jioni wakarudi. Kwa SSI safari ya siku moja haina tatizo. Posho husimama mtu akikaa nje ya nchi siku 30 mfululizo.

Jambo ambalo limewaangusha watu wengi kuliko joto ni barua. Ofisi ya hifadhi ya jamii huwakagua wenye ulemavu kila baada ya miaka kadhaa kuona kama bado hawawezi kazi, na SSI hupitia tena mali na kipato chao. Yote hayo huja kwa posta. Ukipewa uamuzi wa kusimamishiwa posho una siku 60 za kukata rufaa. Lakini ukitaka posho iendelee kulipwa wakati rufaa inasikilizwa, lazima uombe ndani ya siku 10 tangu upate barua, na ofisi huhesabu kwamba uliipata siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Siku 15 jumla. Barua ya mhamaji inayokwenda kwanza kwa kampuni ya kupokea barua, tuseme huko Livingston, Texas, ikakaa kwenye sanduku hadi mteja aombe itumwe, ikasafiri hadi posta ya mji mdogo wa jangwani, inaweza kuzimaliza siku hizo kabla bahasha haijachanwa. Kampuni nzuri za barua hupiga picha bahasha siku hiyohiyo na kufungua kwa idhini. Hiyo ndiyo huduma ya kulipia, hata kama ni ghali kwa dola kumi.

Na polisi? Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu wanaolala maeneo ya umma hata kama hawana pa kwenda. Tangu hapo miji mingi imekaza kamba, na usiku wa mjini umekuwa mgumu kwa wakazi wa magari. Si kila mahakama imewapa kisogo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ilikubali kwamba gari ambalo mtu analala ni makazi yanayolindwa na sheria, na ikasema kumtoza mkazi wake zaidi ya dola 500 kwa kulivuta ni adhabu iliyopita kiasi. Mjini Santa Barbara, California, shirika la New Beginnings limekuwa tangu 2004 likiwapatia wakazi wa magari maegesho salama ya usiku katika viwanja vya makanisa na ofisi. Miji mingine imeiga. Uamuzi wa Washington hauvuki mpaka wa jimbo lile, na maegesho hayo huwa na foleni.

Wahamaji wenyewe wamesaidiana kuliko walivyosaidiwa. Shirika la HOWA, alilolianzisha Wells na wenzake mwaka 2018, huwatengenezea vani watu wasio na kitu. Chama cha Escapees kina kituo huko Livingston ambako mhamaji aliyeugua au kuzeeka huegesha gari lake, akapikiwa, akapelekwa hospitali, huku akiendelea kulala kwenye kitanda chake mwenyewe. Ingefaa kila jimbo liwe na kituo kama hicho.

Habari hizi zinatuhusu. Phoenix, mji mkuu wa Arizona, ni miongoni mwa miji iliyopokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili kinasikika sokoni na makanisani huko. Mkimbizi mwenye ulemavu anaweza kupata SSI, lakini kwa miaka saba tu, isipokuwa awe raia. Wapo wanaoogopa mtihani wa uraia kwa sababu ya Kiingereza, wasijue kwamba ulemavu unaozuia kujifunza unaweza kuwaondolea mtihani huo, daktari akijaza fomu iitwayo N-648. Mwaka wa saba ukipita, posho hukatika, na gari huwa si chaguo tena bali ndipo mtu alipoangukia.

Hukumu yangu ni hii. Kwa mtu wa SSDI mwenye Medicare, anayetembea, anayejua kushika spana au ana rafiki anayejua, vani ni maisha yanayowezekana, na kwa wengine ni bora kuliko chumba chenye ukungu katika mtaa wa hatari. Kwa mtu wa SSI asiyestahili akaunti ya ABLE, anayehitaji daktari kila wiki, ni kamari ambayo gari kuukuu ndilo litakaloamua siku ya kushindwa. Na asijitoe kwenye orodha ya vocha ya nyumba kwa sababu amenunua gari; mtu anayelala ndani ya gari huhesabiwa na serikali kuwa hana makazi, na mara nyingine hilo humsogeza mbele.

Ikiwa una ndugu huko anayefikiria kuhama, mwambie kabla ya kuvunja mkataba wa nyumba apige 211, namba ya huduma za jamii inayofanya kazi karibu nchi nzima, aulize kituo cha kuishi kwa kujitegemea kilicho karibu naye. Vituo hivyo huendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe, havitozi ushauri, na vinajua kanuni za jimbo lake. Aende na barua yake ya posho, orodha ya dawa zake, na bei ya fundi aliyelikagua gari. Kama hana ya tatu, asinunue bado.